Kiti Kilichosema Sijui

Mwezi uliopita Neema alipita Kigali kwa shughuli zake, akafika mtaani kwetu Gitega kunisalimia. Hatukuwa tumeonana tangu aliporudi kwao Mwanza. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona, maana hajaacha tabia yake ya kupiga hodi na kuanza kuongea kabla hajakaribishwa. Alikunywa chai ya tangawizi, akala chapati mbili, akamuuliza shangazi habari za magoti yake, akamtania Haruna, fundi cherehani wetu, kwamba mvi zimempendeza. Kisha akanigeukia. "Idi, nina vijana wawili ninaowafundisha kazi," alisema. "Wanaijua kompyuta kuliko mimi nilipokuwa na umri wao. Lakini nikiwaeleza habari ya kiti chako wanatikisa kichwa tu, wanaona ni hadithi. Hebu niandikie wewe." Nilimwambia kwamba naandika polepole. "Andika polepole," akasema. "Mimi sikuhimizi." Alipoondoka nilikaa muda mrefu nikitazama kikombe chake. Niligundua kwamba mwaka ule wa kiti ninaukumbuka wote, hata harufu yake, na kwamba sijawahi kumsimulia mtu.

Sitaeleza nilivyozaliwa wala kwa nini miguu yangu haina nguvu. Nitaanza na chumba. Chumba cha ushonaji cha shangazi Mariamu kiko ndani ya kipangu, yaani ua mmoja wenye nyumba nne zinazotazamana na mita moja ya umeme kwa wote. Mwaka ule mlikuwa na cherehani tatu za kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, na dirisha linaloingiza mwanga mwingi kiasi kwamba mchana hatukuwahi kuwasha taa. Hewa ilinuka kitambaa kipya na mvuke wa pasi. Mimi nilikaa kwenye mkeka chini ya dirisha nikishona vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Shule niliishia ya msingi, kwa sababu sekondari ilikuwa juu ya mlima na hapakuwa na wa kunipandisha kila siku. Nikitaka kwenda mahali, ilibidi mtu aache kazi yake anibebe mgongoni. Kwa hiyo nilijifunza kutotaka. Nilijifunza pia kunyamaza, kwa kuwa anayeongea sana huonekana, na mimi sikupenda kuonekana. Haruna alikuwa akinichokoza kila jioni anapofunika cherehani yake. "Idi, leo umesema maneno matatu. Pumzika sha, mdogo wangu, usije ukaumwa koo."

Kiti kililetwa na watu wawili kutoka karakana ndogo iliyokuwa kwenye gereji ya nyumba ya zamani huko Kiyovu. Mmoja alikuwa Patrick, kijana wa hapa Kigali, fundi wa nyaya na mota. Wa pili alikuwa Neema, ambaye aliandika programu. Walikuwa wametengeneza kiti cha magurudumu kinachokwenda kwa betri, na walitafuta mtu anayeishi kwenye mteremko akitumie, wao waone kinavyofanya kazi kwenye vilima vyetu. Mtu wa msikitini alikuwa amewaelekeza kwetu. Kwenye mkono wa kulia wa kiti palikuwa na kijiti cha kuongozea, na mbele ya kijiti kioo kidogo cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kioo kiliandika neno moja kwa wakati mmoja, kwa Kiswahili, maana Neema ndiye aliyeyachagua maneno. Kikitembea kiliandika "Inatumika". Ukichomeka kebo ukutani kiliandika "Inachaji". Kikikaa kwenye kebo muda wa kutosha kiliandika "Imejaa". Haruna alikizunguka mikono ikiwa nyuma kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hii kiti iko na akili kushinda mimi," alisema. Shangazi hakucheka. Alimuuliza Neema swali moja tu: "Akifika mbali, kitamrudisha?" Neema alijibu, "Kikisema kimejaa, shangazi, kitamrudisha."

Nikikumbuka wiki zile za mwanzo, najiona kama mtu aliyehamia nchi nyingine bila kubadilisha anwani. Nilikwenda hadi kwenye kona ya ua. Kesho yake nilitoka nje ya lango. Kisha nilifika barabara ya mawe, na baada ya hapo barabara ya lami, na nikagundua kwamba mtaa wetu, ambao niliujua kwa sauti zake, ulikuwa pia na sura. Yule mama niliyezoea kumsikia akigombana na wateja wa nyanya alikuwa mfupi na mwenye macho ya upole. Kinyozi aliyepiga muziki alikuwa mzee. Watu walinisalimia na mimi nikaitikia kwa kutikisa kichwa, nikaendelea mbele haraka kabla hawajauliza swali. Hakuna aliyekuwa mgongoni mwangu wala mimi mgongoni mwa mtu. Kila nilipotazama kioo nilikiamini kama ninavyoamini jua. Kikisema kimejaa, kimejaa.

Siku moja niliamua kupanda kuelekea mjini, niyaone maduka makubwa ya vitambaa ambayo shangazi na Haruna waliyazungumzia. Asubuhi nzima kiti kilikuwa kimechomekwa pembeni ya mlango, na kioo kilisema "Inachaji". Baada ya swala ya adhuhuri kiliandika "Imejaa". Nikaaga, nikaondoka. Nilipofika katikati ya mlima kiti kilianza kuvuta kwa uzito, kama mtu aliyebeba maji. Kisha kikasimama na kioo kikawa cheusi. Nilikuwa pembeni ya lami, magari yakipanda yananipita karibu. Sikujua la kufanya. Mtu mwingine angepaza sauti, lakini mimi sauti haikutoka. Nilibonyeza kila kitufe. Nilikaa pale jua likinichoma, nikijifanya natazama mji, ili wapita njia wadhani nimesimama kwa hiari yangu. Mwishowe madereva wawili wa pikipiki waliokuwa wakingoja abiria walivuka barabara. "Ihangane, mdogo wangu," mmoja alisema kwa Kinyarwanda, akinipa pole. Walikisukuma kiti, mmoja akishika nyuma na mwingine mbele kisije kikanikimbia, mpaka ndani ya ua wetu.

"Mheshimiwa amerudi na msafara," Haruna alisema alipotuona. Watu walicheka, na najua alitaka kunipunguzia aibu, lakini nilitamani ardhi inimeze. Shangazi aliwapa madereva maji, akangoja waondoke. Ndipo akaweka mkasi chini. "Kiti hiki kitarudi kwao," alisema. "Waje wakichukue wiki hii. Mtu wa kukubeba mgongoni hajawahi kukuacha katikati ya barabara." Sikubisha. Sikuwa mtu wa kubisha. Lakini niliposhika sindano tena nilishona kifungo mahali pasipo pake. Nilikuwa nimeshaiona sura ya mtaa, na sikujua nitafanyaje kurudi kuusikiliza tu kupitia dirishani.

Neema na Patrick walikuja kesho yake. Patrick alikagua nyaya, betri, mota, akafuta mikono. "Kila kitu iko sawa," alisema kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Labda alisahau kuchomeka." Nilitaka kusema kwamba sikusahau, lakini nilitazama chini. Neema hakunilaumu. Aliketi juu ya gunia la vitambaa karibu na mlango, akaniomba nimweleze siku ile kwa mpangilio, tangu chai ya asubuhi. Niliongea kwa shida, na kila nilipokwama alingoja tu. Nilipomaliza aliwageukia wengine. "Siku ile umeme ulikuwepo?"

Walitazamana. Sasa naelewa kwamba swali lile lingejibiwa upesi katika nyumba nyingine yoyote, lakini si katika chumba cha mafundi wa Gitega. Cherehani zilikuwa za mguu. Mwanga ulikuwa wa dirisha. Umeme wa mita yetu ni wa kununua kwa simu, na ukiisha, kila nyumba hungoja nyumba nyingine inunue, na kazi inaendelea kama kawaida. Unaweza kumaliza sare za shule nzima bila kujua kwamba umeme umekwisha tangu alfajiri. Ndipo Haruna akakuna kidevu. "Ngoja. Siku ile suruali za harusi nilizipiga pasi ya mkaa," alisema. "Ile ya umeme ilikataa kupata moto. Nikasema basi, nikawasha mkaa." Shangazi akamtazama. "Na hukusema?" Haruna akainua mabega. "Nani aliniuliza, shangazi?"

Neema aliinuka. Alichomeka kebo kwenye kiti na ukutani, kioo kikaandika "Inachaji". Kisha akazima swichi ya ukutani bila kugusa kebo. Sote tulisogea tukatazama. Hapakuwa na umeme hata kidogo, na kioo kiliendelea kuandika "Inachaji", kwa herufi zilezile nzuri, bila haya. "Kumbe iko muongo," Haruna alisema. "Si kiti," Neema alisema. "Ni mimi." Akatueleza, akitumia mikono yake, kwamba ndani ya kiti kuna programu ndogo inayokaa kati ya betri na kioo, inaitwa kiendeshi. Kazi yake ni kuiuliza betri hali yake na kukiambia kioo kiandike nini. Lakini yeye hakuifundisha kuiuliza betri. Aliifundisha kutazama kama kebo imechomekwa, na kama imechomekwa, iseme inachaji, na saa zikitosha, iseme imejaa. Kule Kiyovu umeme haukatiki mara kwa mara, na kebo na umeme ni kitu kimoja. "Niliandika jibu bila kuuliza swali," alisema. Kisha akamwomba shangazi ampe muda mpaka Ijumaa ya pili. Shangazi alikubali kwa sababu Neema alisema kosa ni lake. Aliniambia baadaye kwamba hajazoea kusikia watu wenye kompyuta wakisema hivyo.

Walinichukua mimi pamoja na kiti, kwa kuwa walihitaji mtu mwenye uzito wangu na njia zangu. Siku zile nilizokwenda Kiyovu zimenikaa akilini kama sikukuu. Gereji ilikuwa na sakafu ya saruji, meza ndefu iliyojaa nyaya, na mlango mpana uliotazama miti ya bustani. Mchana mama wa nyumba alituletea wali, maharage na isombe, yaani kisamvu, na tulikula kwenye meza ileile, tukisogeza bisibisi kwa viwiko. Neema alikuwa amekiunganisha kiti na kompyuta yake, na kwenye kompyuta zilikuwa zinapita namba. Alinionyesha. Kuna kipande kidogo, kidogo kuliko kifungo cha shati, kinachopima umeme unaopita kwenye waya wa betri, na kinajua kama unaingia au unatoka. Umeme ukitoka, namba zilikuwa na alama ya kutoa. Ukiingia, alama inaondoka. Nilisukuma kijiti kidogo na namba zikaruka. Niliachia zikatulia. Niliinama kuchukua kijiko kilichoanguka, nikausogeza mkono kidogo tu kwenye kijiti, na hata kitendo kile kidogo kilionekana pale. Nilisahau kula. Kumbe siku zote betri ilikuwa ikisema, kila sekunde, kitu kidogo na cha kweli, na hapakuwa na mtu wa kuisikiliza. Mimi najua hali ya kuwa na jambo la kusema na kutoulizwa.

Kilichonishangaza zaidi kilitokea kwenye njia ya kutokea langoni, ambayo ilishuka kwa mteremko mrefu. Neema alikuwa amemaliza kukifundisha kiendeshi kuuliza. Aliniambia nishuke taratibu, yeye akasimama chini. Kebo ilikuwa imebaki mezani ndani ya gereji. Nilishuka, na katikati ya mteremko kioo kiliandika "Inachaji". Nilisimamisha kiti. Nilidhani tumeharibu tena. Neema alikuja akatazama, akatabasamu. "Ni kweli," alisema. "Ukishuka, magurudumu yanaizungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Mlima unakulipa kidogo." Nilimuuliza, na hilo lilikuwa swali langu la kwanza kumuuliza mtu katika gereji ile, kama hilo limeanza leo. "Hapana," alisema. "Limekuwa likitokea tangu siku ya kwanza ulipotoka kwenu. Sikukuambia kwa sababu sikuwa nimeiuliza betri." Nilishuka na kupanda njia ile mpaka Patrick akaja kuniomba nipumzishe betri. Mpaka leo, nikishuka kutoka mjini, sijazoea. Mji wote unashuka, watu na magari na maji ya mvua, na mimi peke yangu naona neno lile likiwaka mkononi mwangu.

Siku ya mwisho waligombana. Nilikuwa nakula ndizi karibu na mlango, wao wakiwa mezani. Neema alikuwa ameongeza maneno mawili. La kwanza lilikuwa "Haichaji", la wakati kebo imechomekwa na umeme hauingii, na Patrick alilipenda. La pili lilikuwa "Sijui".

"Hiyo iondoe," Patrick alisema. "Kiti haiwezi kusema sijui. Wafadhili watacheka."

"Kikiwashwa, kipimo kinahitaji muda kabla ya kusoma vizuri," Neema alisema. "Katika muda huo niandike nini?"

"Andika ya mwisho. Ilikuwa imejaa jana, andika imejaa."

"Na kama mtoto alikichezea usiku kucha?"

"Neema, ni muda mdogo tu. Nani ataangalia?"

"Yule pale," Neema alisema, na wote wawili wakanigeukia nikiwa na ndizi mdomoni.

"Idi," Patrick alisema kwa upole, "wewe ungependa kiti iseme nini?"

Shuleni, jibu la sijui lilikuwa la kuchekwa. Mwalimu alikusimamisha ulirudie mbele ya wote. Kwa hiyo mimi niliamini kwamba wanaojua ndio wanaoruhusiwa kusema, na tusiojua kazi yetu ni kunyamaza. Haikunijia kamwe kwamba neno lile linaweza kuandikwa kwa makusudi, na mtu aliyesoma, ndani ya mashine, lipewe nafasi yake sawa na maneno mengine. Nilimeza ndizi. "Kikisema hakijui, nitangoja," nilisema. "Kikisema kimejaa, nitatoka. Nikitoka siwezi kurudi kwa miguu." Patrick akavuta kiti chake karibu na Neema. "Basi herufi ziwe kubwa," alisema. "Mtu asije akafikiri ni kosa ya kioo."

Ijumaa waliyoahidi, walikirudisha kiti jioni na kukichomeka pembeni ya mlango. Shangazi aliwapa chai lakini hakuwaahidi kitu. Alisema ataamua mwenyewe asubuhi, wao wasiwepo, maana hakutaka kuamua mbele ya watu wanaoongea vizuri. Asubuhi aliingia chumbani mapema kuliko kawaida. Haruna alikuwa ameshafika, akitafuta kitu mezani na kulalamika peke yake. Nilipanda kwenye kiti, nikachomoa kebo, nikakiwasha. Shangazi aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kioo.

"Kimeandika nini hapa?"

"Sijui," nilisema.

"Soma basi."

"Ndiyo hivyo shangazi. Kimeandika 'Sijui'."

Haruna alicheka mpaka akashika meza. "Walikipeleka Kiyovu kikasome, kimerudi kama mimi." Shangazi alimnyamazisha kwa kiganja. Hakuondoa macho kwenye kioo. Niliogopa kwamba yote yameisha, na nilitaka kumweleza kipimo, namba, alama ya kutoa, lakini maneno yalinikwama kama kawaida. Yeye alivuta kigoda akaketi kando yangu. "Hakijui, kinasema hakijui," alisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Mwanzo kilijua kila kitu." Tulikaa hivyo wawili tukikitazama. Nje mtu alikuwa akifagia ua. Kisha neno likabadilika. Kioo kiliandika "Imejaa".

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akainuka akishika magoti.

"Haya," alisema. "Mjini, duka la kona baada ya benki, wanauza uzi mzuri. Niletee uzi mweusi wa kawaida, vibiringo viwili. Na zipu za sketi, za rangi ya maziwa. Usizurure, Haruna anazingoja."

"Nazingoja tangu jana," Haruna alisema.

Nilikaa palepale nisiweze kushika kijiti. Watoto wote wa ua ule hutumwa dukani tangu wanapoweza kutamka jina la kitu, wakalalamika, wakasahau, wakarudishwa tena. Mimi nilikuwa kijana mkubwa na hakuna mtu aliyewahi kunituma. Shangazi alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani, kichwa chini. Nilitoka langoni, nikaanza kupanda, na njia nzima nilirudia kwa sauti ili nisisahau: uzi mweusi vibiringo viwili, zipu za sketi rangi ya maziwa, uzi mweusi vibiringo viwili. Yule mama wa nyanya aliuliza naongea na nani. Nikamwambia nimetumwa.